Chura wa Kihansi tunamdai deni lisilo lake

Ukitaja vyura wa Kihansi mbele ya Watanzania watano, watatu watacheka kabla hujamaliza sentensi. Utani wenyewe tunaujua: chura kapanda ndege kwenda Marekani, kalishwa, katibiwa, karudishwa nyumbani, na mlipa kodi bado ananing'inia mlangoni mwa daladala. Utani huo umefika hadi bungeni. Hata mimi ulinichekesha miaka mingi, mpaka siku nilipozipanga tarehe za kisa hiki moja baada ya nyingine.

Chura mwenyewe ni mdogo kuliko kelele zake. Mkubwa ana sentimita mbili hivi, wa manjano, unaweza kumkalisha juu ya sarafu. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto waliokwisha kukamilika, kila mmoja kama nusu sentimita, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Duniani kote alikuwa na makazi mamoja tu: hekta mbili hivi za majani yaliyoloa pembeni ya maporomoko ya mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo manyunyu ya maji hayakukatika mchana wala usiku.

Wanasayansi walimgundua mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme juu ya korongo hilo ulikuwa umeshaanza.

Nianze na upande wa umeme, maana una hoja, na wanaoutetea si maadui wa mazingira. Miaka ya 1990 mgawo wa umeme ulikuwa sehemu ya maisha. Kihansi ilipoanza kuzalisha, kati ya 1999 na 2000, ilileta megawati 180, karibu theluthi ya uwezo wote wa umeme wa maji uliokuwa kwenye gridi. Leo, tukiwa na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, namba hiyo inaonekana ndogo. Wakati ule ilikuwa tofauti ya saluni kufungua na saluni kufunga. Ningekuwa waziri mwaka huo ningewasha mitambo, sitajifanya vinginevyo.

Ila kuwasha mitambo kulimaanisha kuchukua karibu asilimia 90 ya maji na kuyapitisha kwenye handaki. Korongo likakauka ndani ya muda mfupi. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakakusanywa na kupelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, huku korongoni yakifungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kile ambacho maporomoko yalikuwa yakikifanya bure.

Hoja nzito ya wapinzani wa chura iko kwenye maji yanayoachwa yapite bila kuzalisha umeme, na hapa tusikimbilie kucheka wala kulia. Tupige hesabu. Maji ya mita moja ya ujazo kwa sekunde, yakianguka mita 850 hivi kama pale Kihansi, ukitoa kinachopotea kwenye mitambo, yanakupa kama megawati 7.5. Kiasi kilichotengwa kwa ajili ya korongo ni kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde. Kwa hiyo chura, tukimtwisha lawama yote peke yake, anakula kati ya megawati 11 na 15. Kiangazi, mto ukiwa umenywea, hiyo si hela ya pipi, na mhandisi anayeilalamikia ana haki. Lakini masika, mto unapojaa kupita uwezo wa mitambo, maji hayo hayamnyimi mtu umeme hata kidogo. Hata katika mwezi mbaya, sehemu kubwa ya maji bado inakwenda kwenye mashine. Ule wimbo wa "watu au vyura" haujawahi kuwa na namba nyuma yake. Swali halisi lilikuwa watu na kiasi gani cha vyura, na jibu lake lingeweza kuandikwa kwenye michoro ya bwawa tangu mwanzo, kwa bei ya mwanzo.

Hapo ndipo ninapoona tunamwonea. Fedha zinazotajwa kwenye utani, yaani mabomba, ndege, maabara na miaka ya wataalamu, hazikuwa bei ya chura. Zilikuwa bei ya kuchelewa kuingia korongoni. Tathmini ya kwanza ya mazingira haikumwona. Angeonekana kabla zege halijamwagwa, njia ya maji yake ingekuwa kipengele kimoja kwenye zabuni, pengine hata jina lake tusingelijua. Aliyeonekana ujenzi ukiendelea ndiye aliyegeuka mradi wa dharura, na dharura, kama anavyojua kila aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane kwa teksi ya kukodi, haina bei ya kawaida.

Watetezi wa chura nao wana la kujibu. Wengi wao husema bwawa ndilo lililomuua, basi. Rekodi haiko rahisi hivyo. Mabomba yalifanya kazi: kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura korongoni walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Watatu. Miezi saba tu. Katika kipindi hicho hicho kuvu aina ya kitridi, anayeshambulia ngozi za vyura na amewamaliza wa aina nyingi duniani, aligunduliwa pale Kihansi. Lango la bwawa nalo lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003 kusafisha tope, na wapo wanaoshuku kwamba tope hilo lilibeba dawa za mashambani. Ninavyoona mimi, ukame ulimdhoofisha na kuvu akamalizia, lakini anayedai bwawa peke yake linatosha kueleza anguko lile ana kazi ya kuelezea ule mwaka 2003.

Mwaka 2009 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ulimweka kwenye kundi la "Ametoweka Porini". Marekani nako hali ilikuwa imekaribia kuwa hiyo hiyo: mwishoni mwa 2004 waliobaki kwenye vizimba hawakufika 70, mpaka wahudumu walipopatia joto, mwanga na chakula. Agosti 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 maelfu wakaachiwa korongoni, chini ya mabomba yale yale. IUCN ilipompitia tena mwaka 2015 haikubadilisha neno.

Wenye utani huishika hadhi hiyo kama ushahidi kwamba fedha zilizama. Ukisoma kigezo chenyewe utaona kinapima kitu kingine. Chura aliyezaliwa kwenye kizimba cha kioo kule Ohio, Marekani, au Dar es Salaam, akabebwa, akaachiwa kwenye majani ya Kihansi, hajahesabiwa bado kuwa wa porini, hata kama amenenepa na kuvu hajamgusa. Anayehesabiwa ni yule mwenye nusu sentimita aliyezaliwa pale pale kwenye manyunyu, akakua, akazaa wake, bila mtu wa kumletea chakula. Mtafiti anayeinama na tochi kati ya yale majani anamtafuta huyo, na ili amwone lazima asogeze uso karibu kabisa na jani.