Umefungua wewe, funga wewe

Kwa wiki mbili tuliizima na kuiwasha seva kila jioni, tukaona kawaida kama kuchota maji. Ina programu ndogo inayopokea faili za mauzo kutoka maduka ya Kariakoo. Asubuhi inakimbia vizuri, ikifika saa kumi na moja jioni inagoma: faili zilizo wazi zimezidi kiwango. Mwenzangu akasema tupandishe kiwango kutoka 1024 hadi 65536. Nikamwambia, kaka, koki inavuja, wewe unataka kununua tangi kubwa zaidi?

Nikachungulia folda ya fd ndani ya /proc, mahali Linux inapoonyesha faili ambazo programu imezifungua. Deskripta, yaani namba ambazo mfumo hutoa kwa kila faili iliyofunguliwa, mamia, nyingi za maduka yaleyale ambayo umeme ukikatika hutuma faili nusu. Maktaba tunayoitumia, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, hufungua faili na kusoma kichwa chake, sehemu ya mwanzo. Ikikuta hakijakamilika inarusha hitilafu na kwenda zake, mlango wazi. `with`, neno la Python la kufunga faili lenyewe ukimaliza, tulikuwa tumeiweka, lakini hitilafu inatokea kabla hatujakabidhiwa kitu cha kufunga. Na deskripta yenyewe ni namba tupu. Python haijui kama 7 ni faili au ni magunia ya mchele, kwa hiyo haiji kuifunga kwa niaba yako.

Mimi nasema hivi: maktaba iliyofungua faili ndiyo ifunge, hata ikishindwa katikati. Iliyopewa deskripta na mtu mwingine, ikishindwa, imwachie mwenyewe. `fdopen` ya lugha ya C, inayopokea deskripta iliyokwisha kufunguliwa, hufanya hivyo: ikifeli, deskripta inabaki wazi mikononi mwako.

Wapo wanaoona bora kufunga mara mbili kuliko kusahau. Hao wananitisha zaidi. Kerneli, kiini cha mfumo, hugawa namba ndogo kuliko zote iliyo huru. Ukifunga 7, uzi mwingine (kazi nyingine inayoendelea sambamba ndani ya programu hiyohiyo) ukafungua faili yake ukapewa 7, halafu wewe ukafunga tena "kwa usalama", umefunga ya mwenzako. Kwenye Linux hata `close`, amri ya kufunga, ikirudisha EINTR (imekatizwa katikati), namba imeshaachiwa, usijaribu tena. Kosa la namna hiyo utalitafuta mpaka Ramadhani ijayo, maana linalolia si lile lililokosea.

Tumeongeza mistari minne ndani ya ile maktaba na kuwatumia wenyewe marekebisho. Hawajajibu. Jana umeme ulikatika Kariakoo mchana kutwa. Jioni nikahesabu deskripta: 31.