Katika Ubia wa Ndege, Tudai Bawa

Juzi ndege ya kivita ilipita juu ya nyumba yetu hapa Entebbe, vikombe vikatetemeka kabatini, na mgeni wangu akatoka mbio barazani akisema kwa fahari, "Hiyo ni yetu!" Mzee jirani, fundi wa ndege mstaafu aliyesomea chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, alimsikia kutoka ng'ambo ya ua. "Injini yake ikichoka, mwanangu, nani anaifungua?" aliuliza kwa upole. Mgeni alinyamaza, nami swali hilo limeninyima usingizi.

Ndege sita za kivita aina ya Sukhoi tulizonunua Urusi zinarushwa na marubani wetu hodari, lakini hatuna hata mchoro mmoja wa ndege hizo tulioushiriki. Ndiyo maana ninapowasikia wakubwa wetu wakitaja ubia wa ndege na mataifa ya nje, nataka kujua jambo moja kabla ya mengine yote: katika ndege hiyo, sisi tutatengeneza nini kwa mikono yetu?

Tuitazame Italia. Katika ubia wa kuunda ndege ya kivita ya Tornado, Uingereza na Ujerumani Magharibi zilichukua asilimia 42.5 ya kazi kila moja, Italia ikabaki na asilimia 15 tu. Hata hivyo, katika fungu hilo dogo Italia ilidai mabawa, nayo mabawa ya Tornado yalikuwa ya kukunjuka na kukunjika angani, kazi ngumu iliyowalazimu mafundi wake kujifunza mambo ambayo hakuna mnunuzi anayefundishwa. Ilipokuja Typhoon, ndege nyingine ya kivita ya ubia wa Ulaya, bawa la kushoto likawa lao. Desemba 2022, Uingereza na Japani zilipotangaza kuunda ndege mpya ya kivita, Italia iliketi nazo kama mbia mwenye haki sawa. Fungu dogo lenye kazi ngumu ndani yake liliifikisha hapo. India, kwa upande wake, ilisaini na Urusi mwaka 2010 mkataba wa kusanifu ndege ya kivita, wa dola milioni 295, na mwaka 2018 ikajiondoa, ikilalamika, pamoja na mengine, kwamba haikupewa ujuzi wa kutosha.

Ni kweli kwamba Uturuki ilitengeneza vipuri vya F-35, ndege ya kivita ya Marekani, na bado ikafukuzwa katika ubia huo mwaka 2019 kwa sababu ya kununua makombora ya Urusi. Ni kweli pia kwamba Ufaransa iliuacha ubia wa Ulaya uliozaa Typhoon mwaka 1985 ikaunda ndege yake ya kivita, Rafale, peke yake, lakini Ufaransa ilikuwa na viwanda vyake tangu zamani. Sisi hatuna.

Tulichonacho ni Soroti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilianzisha chuo kile mwaka 1971 ili Mganda, Mkenya na Mtanzania wasome chini ya paa moja, kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Sisemi tuunde ndege ya kivita. Nasema tuanze na ndege ndogo ya mafunzo, nchi tatu, kila moja na kiungo chake, na Uganda isikubali kutoka mezani bila bawa.

Mzee bado ana daftari lake la chuoni. Alinifungulia ukurasa ambao Mtanzania aliyekaa naye dawati moja alimchorea mbavu za bawa kwa penseli, na vipimo vyote bado vinasomeka.