Kirikuu inalipa, ila hesabu ya makala ina pengo

Makala yenu kuhusu biashara ya kirikuu, yaani pikapu ndogo za kubebea mizigo, inasema kijana mwenye kirikuu yake mwenyewe pale Kariakoo, Dar es Salaam, hawezi kukosa faida, kwa kuwa hana tajiri (mwenye gari) wa kumpelekea hesabu jioni. Sawa, lakini mbona hamjagusa safari ya kurudi? Unashusha mzigo Mbagala au Tegeta, unarudi mtupu kwenye foleni, mafuta yanaungua yale yale. Anayepona ni mwenye wateja wake wa kudumu: mama wa duka la jumla, fundi wa aluminiamu, watu wanaompigia moja kwa moja bila dalali kukata chake.

Halafu uzito. Suzuki Carry hizi za Japani zenye injini ya cc 660 zimetengenezwa kubeba kilo 350, yaani mifuko 7 ya saruji. Mteja anakuja na 20, anataka tripu moja, na ukikataa mwenzako wa nyuma anapakia. Pesa yake unaiona tamu, kumbe umekula springi na tairi. Asiyetenga chochote cha matengenezo anauza gari lake kipande kipande (wengi tu pale kijiweni). Na aliyenunua gari kwa mkopo je? Rejesho halijui kama leo umeshinda bila mzigo. Huyo mngemhoji naye.