Herufi ya ishirini

Tazama herufi hizi thelathini za DNA: ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAGAAGTCT. Hapo ndipo yanapoanzia maelekezo ya kutengeneza beta-globini, mojawapo ya protini zinazounda himoglobini ya damu yetu. Herufi ya 20 ni A. Mtoto mwenye selimundu ya SS ana T mahali hapo, kwenye nakala aliyorithi kwa baba na kwenye ile ya mama. Kila herufi tatu, yaani kodoni, huagiza asidi ya amino moja, kiungo kimoja cha protini: GAG imekuwa GTG, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Maumivu yote ya selimundu tunayoyajua kwenye wodi za watoto yanaanzia kwenye herufi hiyo moja.

Nafundisha bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta, na mfano huu ndio ninaoanza nao kila mwaka. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na ni nadra kuwa na darasa ambalo hakuna mwanafunzi mwenye ndugu anayeugua. Lakini kuna sababu nyingine. Sijaona jeni inayoonyesha vizuri zaidi kwamba programu inaweza kukupa jibu safi, lenye rangi za kupendeza, na jibu hilo likawa kinyume cha ukweli.

Anza na namba. Vitabu vya tiba vinasema badiliko liko kwenye asidi ya amino ya 6. Hesabu mwenyewe herufi tatu tatu kutoka ATG: utafika GAG kwenye kodoni ya 7. Hakuna aliyekosea. Vernon Ingram alipoonyesha badiliko hili miaka ya 1950 kule Cambridge, alikuwa na protini yenyewe mkononi, wala si DNA. Protini ikishakamilika mwilini, methionini ya mwanzo huwa imekatwa, hivyo kwa wanakemia wa wakati ule hesabu ilianzia kwenye valini inayofuata. Leo kanuni za kuandika mabadiliko ya vinasaba zinahesabu kuanzia methionini. Mwanafunzi asiyeijua historia hiyo anaiambia programu impe asidi ya 6, anapata prolini, kisha anahangaika mchana kutwa akidhani faili lake ni bovu. Akiandika kwa lugha ya programu ya Python mambo yanazidi, maana Python inaanza kuhesabu kwenye sifuri, na herufi yetu ya 20 inaitwa 19.

Hayo ya namba yanarekebishika. Linalonikosesha usingizi ni suala la uzi.

DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana, A mbele ya T na C mbele ya G. Jenomu rejea, yaani mfuatano wa DNA ya binadamu unaotumika kulinganishia, inaandikwa kwa kufuata uzi mmoja tu. Jeni ya beta-globini iko kwenye kromosomu ya 11, na inasomwa kutoka uzi wa pili. Kwa hiyo anayelitazama badiliko la selimundu kwa upande wa jeni anaona A imekuwa T, na anayelitazama kwa upande wa kromosomu anaona T imekuwa A. Kama badiliko lingekuwa la A kwenda G, upande wa pili ungeonyesha T kwenda C, na hitilafu ingejitokeza mara tu unapounganisha majedwali. Hapa herufi ni zilezile mbili. Programu haina cha kulalamikia.

Niliwahi kuunganisha majedwali mawili ya sampuli, moja limeandikwa kwa upande wa jeni na jingine kwa upande wa kromosomu. Hakuna lililosema limefuata upande gani, nami sikuuliza. Kompyuta iliyapokea bila onyo. Nilipotazama matokeo, karibu kila mtu wa jedwali la pili alikuwa mgonjwa, watu waliofika kutoa damu kwa miguu yao wakiwa wazima. Kosa lilikuwa kubwa mno kiasi kwamba halingeweza kujificha. Ninachokiogopa ni lile la sampuli tatu au nne.

Tena fikiria cheti kinachofika kliniki kimeandikwa AA. Muuguzi anajua AA ni mtu asiye na selimundu, kwa maana ya himoglobini A mbili. Kwa herufi za upande wa jeni, AA pia ni mzima. Kwa herufi za upande wa kromosomu, AA ni mgonjwa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wiki ya kwanza ya somo hili iwe ya karatasi na penseli. Najua wenzangu wengi wanapenda kuanza na BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, kwa sababu wanafunzi wanafurahi kuona mfuatano wao umepata ndugu zake kwenye hifadhidata ya GenBank, na furaha hiyo siidharau. Lakini mwanafunzi aliyetafsiri kodoni kumi kwa mkono wake anajua kinachotokea akidondosha herufi ya kwanza: TGG, TGC, ATC, kisha TGA, na protini inakatika hapohapo. Programu ingeweka nyota mahali hapo na kuendelea na kazi. Yeye atashtuka.

Baada ya hapo nawafungulia programu ya UGENE, ambayo ni ya bure na inaonyesha nyuzi zote mbili pamoja na tafsiri zake kwenye dirisha moja. Wakiiona picha hiyo wanaitambua, kwa sababu walishaichora.

Kwenye maabara yetu sasa hatupokei jedwali la vinasaba bila mambo matatu kuandikwa juu yake: jenomu rejea ni ipi, uzi ni upi, na hesabu inaanzia sifuri au moja. La kwanza watu huliona dogo. Badiliko la selimundu liko kwenye namba 5,248,232 ya GRCh37, toleo la zamani la jenomu rejea, na kwenye GRCh38, toleo lililofuata, liko 5,227,002. Herufi ileile ya damu ileile imehama zaidi ya hatua elfu ishirini na moja, kwa sababu tu ramani imechorwa upya. Wiki iliyopita tulirudisha jedwali moja kwa aliyelituma. Aliudhika kidogo, akaenda kukagua, na jioni akaandika kwamba uzi ulikuwa ule mwingine.