Mikoko ya Gazi na mtihani wa maabara hai

Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, kuna hekta 117 za mikoko ambazo tangu mwaka 2013 zinawaingizia wanavijiji fedha kwa kuachwa zisimame. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja. Watu wa Gazi na Makongeni wanalinda miti, wanapanda mingine, na hewa ukaa inayohifadhiwa pale, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, inauzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hewa ukaa ya mikoko, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Waanzilishi wake hawakuuita maabara hai, lakini ndivyo ulivyo. Maabara hai ni jaribio linalofanyika pale watu wanapoishi, wenye tatizo wakishiriki na watafiti, serikali na wenye fedha tangu kuuliza swali hadi kupima jibu. Wazo hili huhusishwa sana na William Mitchell wa chuo cha MIT, Marekani. Ulaya ilizindua mtandao wake wa maabara hai mwaka 2006, na sasa Umoja wa Ulaya unataka ziwepo 100 za kushughulikia afya ya udongo pekee ifikapo 2030. Mkulima wa kwetu atauliza hili lina tofauti gani na shamba darasa. Si kubwa sana, ila kwenye shamba darasa mara nyingi bwana shamba anakuja na mbinu ambayo tayari inafahamika. Kwenye maabara hai hakuna anayejua jibu, na ndiyo maana swali la nani atabeba hasara ni zito zaidi.

Wanaoisifu njia hii wana hoja, na Gazi inawapa ushahidi. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo ina kituo hapo hapo Gazi, walianza kupanda upya pamoja na wanavijiji. Walijifunza mkoko unashika wapi, mlilana, aina nyingine ya mti wa mikokoni, unataka maji kiasi gani, mche upi unafia kwenye mchanga. Biashara ya hewa ukaa ilipokuja, vipimo vilikuwapo, na watu walikuwa wanajuana.

Tena wanavijiji walikuwa na jambo la kuwafundisha wataalamu. Anayekata mikoko mara nyingi ni mtu anayejenga nyumba na anahitaji boriti, au mama anayehitaji kuni za kupikia. Ukimkataza bila kumpa kingine, atakata usiku. Kwa hiyo mradi ulipanda mivinje pembeni ili mbao na kuni zipatikane kwingine. Fedha za mauzo zimeingia kwenye maji ya kijiji na mahitaji ya shule, mambo ambayo wenyeji waliyachagua kwenye mabaraza yao.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Kenya ina yapata hekta 61,000 za mikoko. Hekta 117 si hata nusu ya asilimia moja. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wameiga kwa eneo kubwa zaidi, hekta 460 hivi, na bado tunahesabu vijiji kwa vidole. Wakosoaji wanakwenda mbali zaidi: mnunuzi wa ng'ambo analipa, kisha anaendelea kuchoma mafuta kama zamani. Kijiji kimebadili maisha yake, mfumo uliosababisha joto la dunia haujabadilika, na bei ya tani haipangwi Gazi.

Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu soko la hewa ukaa. Lakini naona ajabu kumdai mvuvi wa Kwale mageuzi ambayo serikali za nchi tajiri hazijayafanya. La haki kumuuliza ni dogo kuliko hilo: je, alichothibitisha kimepata nguvu nje ya kijiji chake?

Hapa ndipo maabara nyingi huangukia. Gazi iliweza kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikwisha kuruhusu jamii kutia saini mikataba ya kusimamia msitu wa serikali pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Bila karatasi hiyo, mikoko ingesimamiwa na serikali peke yake, na wanakijiji wangekuwa vibarua wa kupanda miche. Kisha mwaka 2023 marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yaliweka sharti la makubaliano na jamii, na kwa miradi ya ardhini jamii itengewe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Wakati huo Gazi walikuwa wameshaendesha mradi wao kwa miaka kumi.

Linganisha na Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji, yaani la kupangwa upya kwa utaratibu wake wa pekee. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, vyuo vikuu na mashirika zaidi ya 40 walikaa na wakazi wa kaya zaidi ya 100,000, wakahesabu hata jinsi maskini wa pale wanavyolipia maji bei ya juu kuliko mitaa ya matajiri. Kwa ushirikishwaji, sijui kama kuna mfano mkubwa zaidi Afrika Mashariki. Baadhi ya barabara na mabomba ya majitaka yalijengwa kweli. Lakini mwishoni mwa 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara ya kuunganisha na Nairobi Expressway, barabara kuu ya kulipia, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Mpango walioupanga wenyewe haukuweza kuzuia uamuzi uliotoka ofisi nyingine.

Kwa hiyo mfadhili akija na maabara hai mpya, mimi ningeanza na maswali ya kuudhi. Matokeo yakiwa mazuri, ni ofisi gani imejifunga kwa saini kuyatekeleza, na kwa bajeti ipi? Yakiwa mabaya, mkulima aliyetoa shamba lake kwa jaribio atafidiwa na nani? Mtafiti hata akishindwa anapata ripoti ya kuandika, na mwenye shamba anakosa mavuno.

Halafu kuna suala la muda. Miradi ya wafadhili mingi huishi miaka mitatu au minne. Gazi walianza kupanda yapata miaka 20 kabla ya kuuza tani ya kwanza, na aliyebaki nao muda wote huo ni taasisi ya umma inayolipwa na kodi, yenye kituo kijijini. Ndiyo maana fedha za maabara hai ningependa zipite kwenye taasisi kama hizo, pamoja na uzito wao wote wa kiofisi, kuliko kuanzisha ofisi mpya ya mradi itakayofungwa mche ukiwa bado haujatoa mizizi ya hewani.