Njaa gani ya kula lozi?

Shemeji yangu anaishi Hamburg. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani alituletea marzipan ya Lübeck, mji wa kaskazini mwa Ujerumani: kijimkate kizito cha lozi na sukari kilichovikwa chokoleti, na hadithi yake juu: eti mwaka 1407 mji ulikumbwa na njaa, ngano ikaisha, wakuu wakawaamuru waokaji watengeneze mkate kwa lozi zilizobaki ghalani. Marzipan ikazaliwa hapo.

Mimi hainiingii akilini. Toledo kule Hispania nako wanasimulia hayo hayo: baada ya vita vya Las Navas de Tolosa, 1212, ngano iliadimika, masista wa San Clemente wakaponda lozi na sukari wakalisha watu. Miji miwili, njaa mbili, lozi zile zile! Toledo angalau iko nchi ya milozi. Lübeck ni baridi tupu. Lozi na sukari zilifika kwa meli, na sukari zama hizo ilikuwa bidhaa ya wauza dawa, si ya masikini. Mji uliokosa ngano lakini ukawa na akiba ya lozi, huo una wafanyabiashara kwanza, njaa baadaye. Tena jina la kitu chenyewe linaonekana kwenye maandishi ya Lübeck mwaka 1530, miaka 123 baada ya hiyo njaa.

Sasa tafuna polepole. Chokoleti ikishapita unakutana na lozi zilizosagwa hadi zikawa kama unga uliokandwa, kisha kwa mbali kitu kama marashi mawaridi. Mama, ambaye lozi za halua huziloweka maji ya moto kisha anazibinya moja moja mpaka zichupe kwenye ganda, alionja akauliza, "Hii si ya Waarabu?"

Naam. Baghdad ya karne ya 10 mwandishi wa kitabu cha mapishi, Ibn Sayyar al-Warraq, alikwisha andika namna ya kupika lawzinaj: lozi na sukari vilivyosagwa, maji ya waridi, vikakunjwa ndani ya unga mwembamba. Hiyo lawz ndiyo lozi yetu. Na sukkar, Wahispania wameifanya azúcar, sisi sukari. Kwangu mimi ushahidi uko kwenye maneno hayo kuliko kwenye ghala la Lübeck.

Shemeji alishikilia 1407 yake. Mama hakungoja tumalize ubishi. Alikuwa amekwisha kata kipande cha pili, anakishushia kahawa chungu.