Krismasi ya vitu vichache: nani anapunguza, nani ananunua upya?

Desemba ikikaribia, picha za aina moja huanza kuzunguka mitandaoni: ukuta mweupe, tawi moja la msonobari ndani ya chupa ya kioo, mshumaa, na utepe wa kitani uliofungwa ovyo kwa makusudi. Basi. Hakuna mipira myekundu, hakuna nyuzi za kung'aa, hakuna Baba Krismasi wa betri anayekata viuno ukipita karibu naye. Wanaoupenda mtindo huu wanasema umeirudishia sikukuu utulivu wake, umepunguza takataka na kuokoa fedha. Wanaoupinga wanasema ni ubahili uliopewa jina la heshima, na kwamba nyumba isiyometameta siku ya Krismasi haina tofauti na nyumba isiyosherehekea. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania wingi na rangi, ilhali maswali mazito zaidi ni mengine. Hivyo vitu vichache vimetoka wapi? Na vile vingi vilivyokuwepo vimepelekwa wapi?

Kwanza tuondoe dhana kwamba mapambo ya asili ni uvumbuzi wa juzi. Maelezo yaliyoandikwa mwaka 1605 kuhusu mji wa Strasbourg yanataja miti iliyosimamishwa sebuleni wakati wa Krismasi na kutundikwa waridi za karatasi, matofaa, kaki nyembamba na peremende. Mipira ya kioo ilikuja baadaye, katikati ya karne ya 19, kutoka Lauscha, mji mdogo wa wapuliza kioo huko Thuringia, Ujerumani. Masimulizi husema fundi mmoja wa huko alikosa fedha za kununua matofaa ya kutundika mtini, akaamua kupuliza ya kioo. Iwe kweli au hadithi ya kunogesha biashara, mwelekeo unaonekana. Kabla karne hiyo haijaisha, F. W. Woolworth, mfanyabiashara wa maduka wa Marekani, alikuwa akiagiza mapambo ya Ujerumani na kuyauza Marekani kwa bei nafuu. Na mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliweka mti wenye balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu nyumbani kwake New York, mti wenyewe ukizunguka kwa umeme. Tofaa lilikuwa la kila mtu, kioo kikawa fahari. Leo kinachong'aa ndicho cha kila mtu, na tunda lililokaushwa ndilo linaloonyesha kuwa mwenye nyumba ana jicho. Anayedhani ameepuka mambo ya kujionyesha kwa kutundika majani makavu ajipe nafasi ya kulifikiria hilo.

Hata hivyo, hoja ya uzuri si ya kubezwa. Kitu kimoja kikiachiwa nafasi, macho hukiona. Vitu ishirini vikibanana juu ya kabati, macho huona kabati lililojaa. Chukua tawi pana ambalo vijitawi vyake vimeelekea upande mmoja, lisimamishe kwenye chungu kizito cha udongo (chungu chepesi kitapinduka, kwa sababu uzito wote uko juu), kisha tundika vitu vitatu tu, vyote upande ule tawi linakoinamia. Upande wa pili uache wazi. Kivuli cha tawi kitaanguka ukutani jioni na kuwa pambo la nne ambalo hukulinunua. Huu ni ufundi, na mtu anayeujua hahitaji masanduku sita ya mapambo. Pale ambapo rangi zimeondolewa, kazi hufanywa na mguso na umbile la vitu: mbao isiyopakwa rangi, kamba ya katani, karatasi iliyokunjwa, udongo mkavu.

Picha nyingi huficha jambo moja, nalo ni taa. Karibu zote hupigwa mchana, dirisha likiwa wazi. Jioni ukiwasha taa ya darini, sebule ileile nyeupe yenye tawi moja hugeuka ukumbi wa nyumba ambayo wenyewe hawajamaliza kuhamia. Mtindo wa vitu vichache hauvumilii mwanga mbaya, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kuuziba. Taa za LED zenye mwanga wa manjano, zile zilizoandikwa takriban kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye boksi, hulipa tawi uhai. Zile za kelvini 6000 hulifanya lionekane la hospitali. LED pia hutumia sehemu ndogo tu ya umeme uliokuwa ukiliwa na balbu za zamani za waya wa moto, na hazipati joto kali la kukausha majani. Kama mtu ana fedha za kununua kitu kimoja tu, kwangu mimi kitu hicho ni taa nzuri.

Sasa tugeukie upande wa pili. Ingia duka lolote la vyombo vya nyumbani mwezi Novemba na utakuta "asili" imepangwa kwenye rafu: koni za msonobari zilizopuliziwa rangi nyeupe, nyasi zilizochujwa rangi kwa dawa, shanga za mbao, nyota za majani makavu kutoka kiwandani, vyote vikiwa vimefungwa kwa plastiki. Mwaka wa kwanza mtu hununua vichache. Mwaka wa pili picha za mtandaoni zimehama kutoka rangi ya kitani kwenda rangi ya kutu, naye hununua vichache vingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hukaa chini ya kitanda kando ya masanduku yaleyale ya zamani, au mbaya zaidi, masanduku ya zamani hutupwa ili kuyapisha. Aliyetupa mapambo mazima ili anunue machache amebadilisha takataka kwa bidhaa, hakupunguza kitu.

Mfano mzuri ni mti wenyewe. Kwa makadirio ya shirika la Carbon Trust la Uingereza, mti wa plastiki wenye urefu wa mita 2 una mzigo wa hewa ukaa wa takriban kilo 40, nyingi zikitokana na plastiki yenyewe na kazi ya kiwandani. Mti halisi wa urefu huo huwa na takriban kilo 16 ukiishia dampo, ambako huoza bila hewa na kutoa methani, lakini takriban kilo 3.5 tu ukichomwa au kusagwa kuwa vipande vya kutandaza bustanini. Piga hesabu: anayenunua mti wa plastiki leo anatakiwa kuutumia kama miaka kumi na moja hivi ndipo ulingane na miti halisi iliyosagwa kila mwaka. Hiyo ni hoja nzuri dhidi ya kununua plastiki. Lakini wengi huigeuza kuwa hoja ya kutupa plastiki waliyonayo, na hapo hesabu inawageuka. Mti ulio stoo mzigo wake umeshatokea. Kila Desemba unaposimama tena hauongezi chochote cha maana. Kuutupa baada ya miaka minne kwa sababu haulingani na pazia jipya la kitani si kuipenda asili.

Kwenye glita siwezi kujifanya niko katikati. Ni vipande vidogo vya plastiki, haviokoteki, huenda na maji ya kupigia deki, na tangu Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku uuzaji wa glita huru ya plastiki katika mpango wake wa kudhibiti plastiki ndogondogo. Hapa wapenda asili wana haki yote.

Ila asili nayo ina meno yake, na watetezi wake hawapendi kuyataja. Kuvumwani, ile mimea midogo kama zulia inayobanduliwa msituni ili kuzungushia mishumaa, huchukua miaka mingi kuota tena. Beri za mti wa holi na za mlimbo wa Krismasi, zile zinazoning'inizwa mlangoni, ni sumu kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Mayungiyungi, maua meupe yanayopendeza sana kwenye meza ya sikukuu, yanaweza kuua figo za paka hata kwa kiasi kidogo cha chavua alichoramba kwenye manyoya yake. Koni zilizookotwa chini ya mti huja na wadudu ndani. Huwekwa kwenye oveni ya nyuzi joto 90 hadi 100 kwa nusu saa, huku mtu akiziangalia, maana utomvu hushika moto. Na tawi kavu karibu na mshumaa halihitaji maelezo. Nta ya nyuki inanukia vizuri kuliko nta ya mishumaa ya kawaida, lakini moto wake ni moto.

Halafu kuna kazi. Hoja mojawapo yenye nguvu ya vitu vichache ni kwamba kupamba na kupambua huangukia mtu mmoja nyumbani, mara nyingi mama, ambaye ndiye anayefuta vumbi la mipira mia na kuzongoa nyaya za taa. Kupunguza ni kumpumzisha. Nakubali, kwa masharti. Jaribu kukausha vipande vya machungwa. Unakata vipande vya nusu sentimita, vikiwa vinene havikauki katikati, vikiwa vyembamba vinachanika. Unavikandamiza kwa kitambaa kutoa maji. Unavipanga kwenye oveni yenye moto mdogo, unavigeuza kila baada ya muda, saa tatu au zaidi zinapita. Vikiiva vyema, ukiviinua dirishani mwanga hupenya na unaona kila chumba cha tunda kwa rangi ya kaharabu. Ni vizuri kweli, sitanii. Lakini hewa ikiwa na unyevu, wiki haijaisha vinanata tena, na baada yake ukungu. Tawi nalo lina madai yake: ukilikata ukaliacha nje ya maji, utomvu hufunga jeraha na halinywi tena, hivyo lazima ukate upya sentimita mbili au tatu za mwisho kabla ya kulitumbukiza, kisha uongeze maji kila siku. Mpira wa kioo hauombi maji. Mtindo huu umepunguza vitu, kazi umeibadilisha tu, na aliyekuwa akifuta vumbi sasa anakausha machungwa.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote halihusu mazingira wala kazi. Linahusu wenye nyumba. Nyumba yenye mtindo mmoja safi karibu kila mara imepambwa na mtu mmoja. Mtoto aliyerudi na mnyororo wa karatasi za rangi tano, gundi ikiwa bado mbichi, anaambiwa utaning'inizwa chumbani kwake. Malaika wa plastiki aliyenunuliwa na marehemu bibi, bawa moja limevunjika, anabaki kwenye boksi kwa sababu ni wa dhahabu na mwaka huu rangi ni tatu. Hapo mtindo umegeuka mwenye nyumba. Sebule inapendeza kwenye picha, na wanaoishi ndani yake wamekuwa wageni. Mtetezi atajibu kwamba hilo ni kosa la mtu, si la mtindo. Huenda. Lakini mtindo unaoharibika kwa kitu kimoja kisicholingana humpa mtu huyo kila sababu ya kukataa, jambo ambalo mti uliojaa vikorokoro haufanyi. Mti wa vikorokoro hupokea malaika mwenye bawa moja bila mtu kugundua.

Kuna njia ambayo naona haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya zamani. Mwaka 1839, huko Hamburg, mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alichukua gurudumu la mkokoteni akaliwekea mishumaa: midogo kwa siku za kawaida za Majilio, minne mikubwa kwa Jumapili zake. Kila siku uliwashwa mmoja zaidi, ili watoto waone ni siku ngapi zimebaki. Baadaye likapungua na kuwa shada la matawi lenye mishumaa minne linalojulikana hadi leo. Kilichonivutia si gurudumu bali ratiba. Pambo lilianza karibu bila kitu na likajaa kadiri siku zilivyokaribia. Uchache ulikuwa wa wakati wake, na wingi nao ukapata siku yake.

Vitu vya asili vinailazimisha ratiba hiyo vyenyewe. Tawi lililokatwa hudumu wiki mbili tatu kwenye maji. Ukilileta katikati ya Novemba, tarehe 25 Desemba utakuwa umekaa na fimbo. Anayeanza na tawi tupu na taa moja wiki ya kwanza, akaongeza koni wiki inayofuata, akawaacha watoto waweke minyororo yao ya karatasi na malaika mbovu siku tatu za mwisho, amepata utulivu wa upande mmoja na shangwe ya upande mwingine bila kununua chochote. Sebule yake itaanza na nidhamu na kuishia na fujo, na kwa sikukuu sidhani kama kuna mpangilio bora. Mpenzi wa picha safi anaweza kuipiga yake mapema.

Januari ndipo ukweli wa maneno hujulikana. Matawi, majani makavu na machungwa yasiyopakwa kitu huenda kwenye mboji moja kwa moja. Koni iliyopuliziwa rangi haiendi, wala utepe wenye nyuzi za plastiki, wala shada lililofungwa kwa waya hadi waya utolewe. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji anayeshika kitu na kukiita cha asili ni fupi: kimepakwa nini, na kimefungwa kwa nini? Asipojua, koni za bure bado ziko chini ya mti. Na kama stoo kuna mti wa plastiki wa tangu miaka minane iliyopita, utoe, uvue nyuzi za kung'aa zilizochakaa, uuwekee taa za manjano, uutundike vitu vitano unavyovipenda. Bado una miaka mitatu ya kulipa deni lake.